Ndoo ya Nne

Simu ya msimamizi ililia saa kumi na moja na nusu alfajiri.
"Rispa, wahi. Ngazi za Bloku C zina uchafu."
Hakusema uchafu gani.
Nilitoka Mathare nimejitanda leso juu ya sweta,
baridi ya Julai inauma masikio,
nikakuta geti wazi, kibanda cha mlinzi kitupu,
redio yake ikisoma bei za viazi.

Ndoo ya kwanza ilirudi nyekundu.
Ya pili, rangi ya strungi.
Ya tatu niliimwaga bila kuitazama.
Kwenye daftari la stoo nikaandika kama kila siku:
sabuni nusu pakiti, tambara moja,
deki, ngazi kumi na nne.

Saa nne wakaja wapelelezi, glavu mpya.
Wakafunga utepe wa manjano
kuzunguka sakafu yangu inayong'aa.
Mmoja akachuchumaa akaipiga picha.
Nilikuwa nimesimama pale pale na fagio.
Hakuna aliyeniuliza kwa nini imelowa.

Kijana aliitwa Muthoka, mwaka wa pili, upimaji ardhi.
Nilimjua kwa viatu:
akinikuta napiga deki alivivua,
akapita na soksi, ameviinua kama sinia.
"Mama, nisikuharibie kazi."

Jioni, kwenye runinga ya kibanda cha chipsi,
msemaji wa polisi alisema wanafunzi wameuana wenyewe.
Jumatano akasema ni jambazi aliyeruka ua.
Ijumaa, risasi ilijifyatua,
mkononi mwa nani hakusema,
kana kwamba risasi ni embe, likiiva huanguka.

Kamera?
Zilikuwa kwenye ukarabati, zote kumi na sita, usiku mmoja.
Ekidor, mlinzi wa zamu?
Kampuni yasema haijawahi kuajiri mtu wa jina hilo,
na mimi bado nina deni lake la shilingi mia mbili.

Nilienda kituoni kwa miguu yangu.
Afande aliandika polepole, ulimi nje, kisha akanisomea:
"Shahidi hakuona lolote."
Nikasema, niliona damu.
"Damu si lolote. Ulifika baada ya tukio. Weka kidole hapa."
Wino wake ulikaa siku tatu kwenye gumba langu.
Sabuni ile ile haikuutoa.

Sasa kuna tume,
ya kuchunguza kwa nini uchunguzi umechelewa.

Mamake alikuja kutoka Mwingi na mfuko wa pojo,
sijui alitaka kumpa nani.
Mochari walimwambia faili linatafutwa.
Akaketi kwenye ngazi ya tatu, akanishika mkono:
"Mwanangu alioshwa na nani?"
Wangu ndio mkono uliomwosha,
kwa fagio na sabuni ya unga,
kabla hata hajalala kwenye jokofu lao.
Nilimwambia. Hakuuachia.

Jumamosi darasa lake likaja na utepe wao, ule wa kupimia.
Hawakuimba, hawakurusha jiwe.
Wakapima kutoka uani hadi ngazini, mita arubaini na moja,
wakachora kila hatua kwa chaki,
na msichana mfupi mwenye miwani, Cherotich,
akasimama alipoangukia mwenzake.
Hesabu ilikuwa rahisi, hata mimi niliielewa:
risasi ya msemaji ingebidi ikate kona mbili,
ipande ngazi, ndipo imtafute Muthoka.
Lakini kutoka getini,
kutoka mlango wa gari lile lisilo na nambari
ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyeandikwa kuwa aliliona,
mstari umenyooka kama uzi wa fundi.

Jumatatu simu ikalia tena.
"Rispa, kuna michoro uani. Wageni wanakuja saa tatu."

Niliichukua ndoo. Nikaisimamisha chini ya bomba.
Nikarudi ofisini nikasema: maji yamekatika.
Nairobi hii, nani angebisha?

Leo ni siku ya tisa, maji bado yamekatika.
Bomba nimelifunga mwenyewe kwa spana ya kuazima.
Wanafunzi wanaizunguka chaki wakienda darasani,
wengine wamevua viatu.
Juu ya Ngong mawingu yanajikusanya.
Hayo nayo, sijui yametumwa na nani.