Arobaini na Moja

Asubuhi ya kwanza nilibisha hodi Penga Penga
na sanduku la vichupa, kalamu ya wino usiofutika,
na barua ya kamati ya maadili yenye mihuri mitatu.
Mama Mwepu hakuisoma; aliipima mkononi
kama mtu anayeshuku uzito wa sukari.
"Munataka mikojo," akasema. "Ya nani?"
Ya kila mtu, mama. Ya asubuhi, kabla ya chai.
Akacheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua.
"Chuo kikuu kimefilisika!"

Tulifagia vumbi la chumbani kwa brashi ya rangi,
tukalitia katika bahasha ya kaki.
Tukachimba tuta la lengalenga, kina cha kiganja.
Tuta hunywa maji ya mto,
na mto, kabla haujafika kwake, hupita nyuma ya kiwanda
na hausemi ulikopita.
Kazi yetu ni kuusemesha.

Mjukuu wake alileta kichupa kimejaa pomoni,
akitembea polepole kama aliyebeba taa.
Nikaandika: 41.
"Mimi si arobaini na moja. Mimi Kyembe."
Nikamweleza kwamba jina tunalilinda kwa kulificha.
Hakuelewa.
Siku hizi nami sielewi sana.

Maabara, umeme ulikatika mara mbili kabla ya saa nne.
Lengalenga tuliziosha mara tatu, kama wapishi,
tukazikausha, tukazisaga, tukaziyeyusha kwa asidi:
jani likawa maji, maji yakawa moto,
moto ukawa mstari unaopanda kwenye kioo.
Shaba. Risasi. Kadimiamu.
Na kobalti, inayongojwa ng'ambo
na magari yasiyotoa moshi,
imepumzika kwanza
katika figo za mtoto wa miaka sita.

Daktari Umba alisahihisha rasimu yangu kwa kalamu nyekundu:
"Usiandike *husababisha*. Andika *huhusiana na*."
Ana haki. Sampuli ni chache, mwaka ni mmoja.
Lakini kati ya vitenzi hivyo viwili
nimelala macho siku nyingi.

Nilirudi mvua zilipoanza, na matokeo kwenye karatasi moja.
Nikasoma: kiasi hiki, mara nne ya kile.
Watoto wasicheze chini kwenye vumbi. Deki kwa maji, usifagie.
Mwagilia kwa maji ya kisima.
Tia chokaa udongoni, chokaa hushika madini yasipande kwenye jani.
"Gunia la chokaa bei gani?"
Nikapekua fomu zangu. Safu ya umri ipo,
safu ya miaka ya kuishi mtaani ipo.
Safu ya bei hatukuiweka.

Hakukasirika. Alinyoosha kidole upande wa bomba refu,
ng'ambo ya mlima mweusi wa takataka za tanuru.
"Kwenye vilima vya shaba kuna ua dogo, rangi ya zambarau.
Nyanya alituonyesha: linapoota peke yake, musipande mahindi.
Sasa ninyi, ile mashine yenu, mulinunua ngapi?"
Sikujibu. Naijua bei yake.
"Nilijua, mwanangu. Siku nyingi.
Lakini udongo mzuri uko na wenyewe."

Kisha akapakua.
Bukari bado inatoa moshi, na pembeni,
kwenye sahani ya bati yenye maua,
lengalenga zilizopikwa na karanga,
za tuta lile lile, nililolichimba kwa mkono wangu.

Kyembe akaja na birika na beseni,
akasimama mbele yangu, akingoja.
"Maji ya wapi?" nikamwuliza.
"Ya mto."
Nyuma yake nyanya yake anavuta kigoda, anakaa,
haniangalii.

Nikakunja mikono ya shati.
Nikaitoa.