Siku Ishirini na Nane

Duka langu liko Sinza, mkabala na kinyozi:
fotokopi moja, kompyuta mbili,
feni inayozungusha joto lilelile.
Nakala shilingi mia. Picha za pasipoti,
nyuma kitambaa cheupe, masikio yaonekane,
usicheke.

Tusekile alikuja Machi na bahasha ya kaki
kaikumbatia kama mtoto mwenye homa.
Jina lake, kwao Tukuyu, ni tumecheka, tumefurahi.
Nikamwambia asicheke.
Alitaka kusomea maji: kuyapima,
kujua kilichomo kabla kisima hakijaua mtu.
Mama yake, muuza mitumba wa Tandika,
aliuza kiwanja cha Chanika, msingi umeshapanda,
akalipa karo ya mwaka mzima
kwa darasa ambalo hakuna aliyeliona.

Zikabaki zile za kuonyesha.
Nani mjini hapa asiyezijua?
Zinaingia benki, zinakaa siku ishirini na nane,
haziliwi, haziguswi,
kama maiti anayesubiri ndugu wa mbali,
kisha zinarudi kwa mwenyewe na riba mgongoni.
Mwenyewe ni Lugendo, wakala, ghorofa ya pili,
kizibao cha kijivu hata Februari.

Na mimi? Mimi nilichapa barua za kile chuo.
Mia mbili, labda zaidi.
Zote zimekosea neno lilelile,
herufi mbili zimepishana kama watu mlangoni,
na sahihi ya msajili haikutetemeka hata mara moja.
Niliona.
Nikahesabu: mia, mia, mia.

Juni kanuni zikabadilika.
Sasa ni usaili, uso kwa uso kwenye skrini,
sasa pesa ziseme zilikozaliwa,
sasa chuo kihesabiwe kwa viti, si kwa majina.
Huko ng'ambo wakagonga mlango,
wakakuta chumba juu ya duka la kuku wa kukaanga,
viti vinne, rejista ya watu mia sita.
Wengine walikuwa wanaosha vyombo mahali.
Wengine hawakujulikana walipo.
Mmoja alikuwa Tandika, anamkunjia mama yake mashati,
hajapanda ndege hata kwa ndoto,
na jina lake limefutwa pamoja na yao.

"Mkamia maji hayanywi," majirani wakasema,
wakacheka, wakidhani wametunga wao.

Sikatai chujio.
Tui bila chujio ni kero kooni.
Ila safari hii tui ndilo lililobaki juu,
na machicha yamepita, yameteremka hadi Makumbusho,
yamefungua ofisi: bango jipya, jina jipya,
kizibao kilekile.

Jana alirudi. Hakutaka picha.
Alitaka nakala ya barua ile, apeleke polisi.
Nikaiweka kwenye kioo. Mwanga ukapita chini yake,
ukalimulika lile neno, herufi zimepishana.
Akaniangalia nikiliangalia.
Akatoa shilingi mia.
Nikasema acha tu, dada.
Akasema, "Pokea. Halafu nataka risiti."

Miaka kumi na moja, sijawahi kuwa na kitabu cha risiti.
Nikachana karatasi, nikaandika tarehe,
nikaandika nakala moja, nikaandika jina langu lote,
na la babu, ambalo huwa siliandiki.
Kisha sahihi.
Mkono ukanitetemeka.
Aliisoma mpaka mwisho, taratibu,
kama mtu anayepima maji.