Katoni

Kila alfajiri Bi Tima Bwanaheri huivuta katoni chini ya Probox yake
akaisoma kama mpiga ramli asomavyo bao:
doa la juzi, doa la jana,
na hili jipya, bado lang'aa.
Mwaka mmoja, gasketi tatu.
Mafundi watatu, kila mmoja na silikoni yake,
kila mmoja kakaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama,
kila mmoja kasema, "Hapa, mama, hata roho haitoki."

Roho haikutoka. Oili ilitoka.

Akaniletea mimi huku Barani.
"Thoya," akasema, "mimi ni mkunga.
Usiku wa manane naitwa Gongoni, naitwa Marafa,
na gari lafuka harufu ya mandazi yaliyosahauliwa motoni.
Niambie ukweli, au niambie bei ya punda."

Soketi namba kumi. Nati zimeota kutu;
chumvi ya Malindi haina haya, hula hata kilichofunikwa.
Kidogo huku, kidogo kule,
nikaibandua kava kama kigaga kwenye goti la mtoto.
Gasketi ikanikatikia mkononi,
imekakamaa, mkate wa mofa wa juzi.
Ndani ya visima vya plagi oili imetuama, nyeusi tititi.

Nikakwangua silikoni za wenzangu, tabaka kwa tabaka,
kwa kipande cha plastiki, si kwa bisibisi:
bisibisi huacha mkwaruzo, na mkwaruzo ni mlango.
Nikapangusa kwa kitambaa na petroli
mpaka chuma kikanirudishia uso wangu.

Hapo nikasita.
Gasketi mpya i mkononi, laini, yanukia duka.
Mbona tatu zishindwe?
Nikaufuata ule mpira mwembamba utokao kwenye kava,
ambao hakuna mteja auulizaye,
nikauchomoa, nikaupuliza.
Mashavu yakajaa. Hewa ikanirudia kooni.
Umeziba. Masizi ya miaka, kama ugoro uliolowa.

"Njoo uone, mama. Imekosa pa kupumulia.
Mvuke wa ndani ukikosa njia husukuma,
na palipo laini ndipo patobokapo.
Hata ungeitia gasketi ya dhahabu."

Hakujibu. Alikuwa ameinama, sikio karibu na chuma baridi,
kama angojaye kitu kilie.

Nikauosha mpira, nikabadilisha na vali yake ndogo.
Nikalaza gasketi kwenye mfereji wake, pembe kwa pembe.
Nikaanza kukaza katikati, kushoto, kulia, nikaelekea nje,
mzunguko wa kwanza kwa vidole tu.
"Kaza," akasema. Nikakaza.
"Kaza tena."
"Basi, mama. Zaidi ya hapa itapasuka."
Akacheka kwa mara ya kwanza.
"Na mimi huwaambia vivyo hivyo. Sukuma, sukuma...
halafu, basi! Acha sasa."

Akalipa nusu. Nusu mwisho wa mwezi,
kama wateja wangu wote wenye maneno matamu.

Siku ya nne akaja kwa miguu, katoni mpya kwapani,
uso umefunga kama duka la Ijumaa.
"Na hili ni nini?"
Tone moja. La kahawia. Pembeni.
Nikaliinamia, nikalinusa.
Tangawizi. Iliki.
"Bi Tima, nani hunywa chai kaegemea gari?"

Akaitazama barabara ya Mambrui kitambo.
"Nusu yako," akasema,
akafungua mkoba.