Jedwali la Tisa

Tulikaa watatu jukwaani, Duluth, mwezi wa Februari,
vikombe vya kahawa vya karatasi mbele yetu,
nyuma yetu bango: TOLEO LA TANO, LIMESAFISHWA.
Nje theluji ilikuwa imezika magari hadi vioo.
Ndani, watu mia mbili na vifuko vyao vya dadu
vikichakarika mapajani kama mahindi makavu.

Annika ndiye aliyeanza. Ana ulimi wa wembe.
"Toleo la kwanza," akasema, "ni nyumba
aliyoijenga mtu akasahau mlango,
akawa anaingilia dirishani
na wageni akawaambia ndiyo desturi."
Wakacheka.
Thaddeus akadakia: mchawi wao ana uhai wa nukta mbili,
paka akimparua, matanga.
Na shujaa wa kike, hata awe amezaliwa na jitu,
nguvu zake zisipite kumi na nne.
Hapo waliguna. Walikuwa na haki ya kuguna.
La kuvunda halina ubani.

Nami, nisije nikapitwa,
nikafungua kile kitabu chenye pini mbili zenye kutu,
ukurasa wa sitini na moja, nikasoma:
"Ukimkaba adui shingo, tazama Jedwali la Tisa."
Nikanyamaza kidogo, kama wafanyavyo wachekeshaji.
"La nane lipo. La kumi lipo.
Miaka arobaini na minne watu wamekabana shingo
wakilingoja la tisa."

Ukumbi ulipasuka.

Mama mmoja akasimama safu ya nyuma,
koti hajalivua, buti zikichuruzika zuliani.
"Verna Okerlund," akasema. "Mimi ndiye niliyepiga chapa."
Kicheko kikakatika vipande vipande.

Alisema: Harlan anasoma, mimi napiga,
chini ya nyumba, kando ya boila,
mtoto begani ana homa.
Jedwali la tisa alilitapikia.
Jumatatu mchapaji anataka kurasa,
na pesa ya wino tumekopa kwa shemeji.
Basi likaenda hivyo.

Kisha barua zikaanza kuja.
Kila meza imejitungia la tisa lake.
Mfungwa mmoja kaandika nyuma ya menyu ya jela.
Binti wa miaka kumi na mmoja, kutoka Bemidji:
*mkabaji na mkabwaji watazamane machoni;
atakayecheka kwanza, ameachia.*
Harlan alikataa kulirudisha la kwake.
Alisema katika yote aliyoandika
lile ndilo pekee lisilo na kosa.

Watu wakaanza kupiga makofi. Akainua mkono.
"Ngojeni. Ile kumi na nne ya wanawake
nilimwambia usiku uleule kuwa ni upuuzi.
Akaniambia, piga chapa, Verna.
Nikapiga.
Hiyo isemeni kwa sauti kuliko mlivyoisema."
Akaketi. Akatafuta kitambaa kwenye mkoba,
akafuta miwani, wala hakututazama tena.

Annika alikunywa kahawa iliyokwisha.

Saa nane usiku, chumba namba mia nne na kumi na mbili,
nililifungua toleo letu.
Kanuni ya kukaba shingo: mistari minne,
miaka mitatu ya majaribio, hoja mia sita,
hakuna mwanya hata wa kupenyeza ukucha.
Niliona fahari, sitasema uongo.
Nikatafuta kalamu, sijui ya nini,
nikaona hata pambizo tulizibana
ili kuokoa karatasi.

Chini barabarani katapila lilikuwa likisukuma theluji,
likifika kona, likigeuka,
likirudi palepale, na theluji bado yaanguka.