Ujerumani kwa Elfu Tatu

Nauli ya ndege nimeihesabu mara tatu,
mara tatu kikokotoo kimenicheka.
Basi leo, siku yangu ya mapumziko,
nimefunga viatu, nikatoka Jang'ombe kwa miguu
kwenda Ujerumani iliyo karibu.

Michenzani, Jumba Namba Sita.
Ramani sina, mkalimani sina,
nina elfu tatu na chupa ya maji ya bomba.

Wajerumani walilichora refu, limenyooka kama rula;
sisi tukaliita treni,
nalo tangu siku hiyo limesimama stesheni,
kanga zikipepea kila behewa.

Nimepanda ngazi. Hakuna aliyeniuliza tiketi.
Ghorofa ya tatu panarindima dagaa na udi;
ya nne, mtoto kachora goli ukutani kwa mkaa.
"Wamtaka nani?" kauliza Bi Mize, mikono imejaa unga.
Natembea tu, nikasema.
Akanitazama kama mtu aliyepotelewa na mizigo.
"Kaa basi, upumue."

Juu ya kabati lake pana kikombe
kilichoandikwa maneno asiyoyajua.
Marehemu mumewe alikwenda huko kujifunza kuchomelea,
akarudi na kikombe, koti, na neno moja.
Koti lililiwa na nondo.
Neno bado lipo:
"Kalt!" husema Bi Mize
kila akifungua friji.

Nimeshuka. Kahawa mia tatu, kashata mia tatu.
Elfu mbili na mia nne mfukoni,
na ng'ambo ya barabara
treni nyengine, sijaipanda.