Kaisari Hakufa Ruwi

Mkanda wa mwisho haukufika kutoka Dubai.
Baba alifungua bati la tano akakuta filamu ya Kihindi,
harusi, mvua, ngoma,
na ukumbini watu mia mbili
wanamngoja Kaisari apigwe visu.

Baba yangu, Sleyum bin Amur, mwendesha mashine,
mzaliwa wa Wete, aliyeingia Maskati
na Kiarabu cha kuombea maji tu,
akatoka kwenye kijumba chake, jasho linamchuruzika,
akasimama mbele ya pazia jeupe, akamalizia yeye.
Nusu Kiarabu kibovu, nusu Kiswahili;
Wabaluchi wa nyuma wakatafsiriana.
Seneta mmoja, alisema, alikuwa na mke mwenye akili.
Mke akamfungia mumewe mlango. Kisu kimoja kikapungua.
Wenziwe kuhesabiana, wakaogopana.
Kaisari akapita katikati yao, akawatolea salamu,
akarudi kwake kula.

Hakuna aliyedai pesa yake.
Wiki nzima, mpaka bati la kweli lilipoletwa na lori,
Ruwi ilikuwa na Kaisari hai.
Kinyozi alimtaja. Muuza mishikaki alimtaja.

Mimi Roma niliijua hivyo.
Mwalimu wa tarehe alipoandika ubaoni "akauawa"
nilinyanyua mkono nikabisha,
nikasimamishwa ukutani hadi kengele.

Miaka thelathini baadaye nilikwenda kuhakikisha.
Mahali penyewe ni shimo la magofu katikati ya mji,
tramu inageuzia hapo,
na chini, juu ya nguzo zilizokatika, paka:
paka chongo, paka wa kijivu, mmoja mweupe
kajinyoosha kama mwenye hati ya kiwanja.
Nikampigia simu.
"Umeona damu?"
"Nimeona paka."
Kile kicheko chake, nusu kikohozi:
"Nilikwambia. Angelifia pale wangelimjengea kuba."

Mwaka uliofuata, kharifu ilipokatika,
nilimpeleka Sumhuram, upande wa Taqa.
Umri wote ule Omani, na Dhofari hajaiona.
Magoti yakakataa ngazi. Mlinzi, Bakhiti,
akamletea kiti cha plastiki, akamweka langoni hasa,
penye maandishi ya kale ukutani.
Chini khori imelala, mchanga umeiziba mdomo;
heroe wamesimama zilipotia nanga merikebu.
Nikamletea picha kwenye simu: kigae,
shingo ya mtungi wa mvinyo, udongo wa Italia.
Akaikuza kwa vidole viwili, akaikuza tena,
kama anayetafuta uso wa mtu.

"Kwa hiyo walikuja wao."
"Walikuja."
"Kufuata nini?"
Bakhiti akaelekeza kidevu milimani: "Luban."

Ubani. Baba akalitafuna neno.
Kwetu Wete ubani uko wa kuchomwa
na uko wa kutolewa,
noti iliyokunjwa, kiganja kwa kiganja, mlangoni kwa mfiwa.
"Maiti zao wote wale," akasema, "zimefukizwa kwa miti hii.
Wao wamefiwa, ubani tumetoa sisi."
"Tuliuza, Baba."
"Ubani hauuzwi."

Basi la watalii likapanda, vumbi na kofia.
Waitaliano; nilitambua kwa mikono inavyosema.
Baba akajizoazoa kitini, akamwendea mwanamke mmoja
mwenye mvi na viatu vya kupandia mlima.
"Poleni," akamwambia, kwa Kiswahili,
akamtia kitu kiganjani, akakifunga kiganja.
Nusu riyali, imekunjwa mara nne.
Yule mama alinitazama mimi, akamtazama yeye,
halafu akaweka mkono kifuani, hakuuliza.

Nilimwuliza mimi, garini, tushapita Taqa.
Ubani wa nani?
Akafungua kioo kidogo, upepo ukaingia.

"Alikaa Ruwi wiki nzima," akasema.
"Jirani yetu yule."