Kabla ya Boti, Baada ya Boti

Unaingia au unatoka?
Nijibu kwanza, ndipo ukae.
Benchi hili lina mguu mmoja mfupi,
usiegemee upande wa Khatibu.

Wanaokwenda Unguja nawapa vikavu:
muhogo wa kuchoma, chumvi ya kuonja tu,
chai ya tangawizi isiyojua maziwa,
na kipande cha ndimu wakifunge kwenye leso.
Pweza? Hapana, baba. Pweza utamkuta,
hakimbii tena, keshakimbia vya kutosha.
Mimi sikuuzii kitu hapa Mkoani
ukaenda kukirejesha Nungwi,
pale mkondo unapoivuta boti huku,
upepo unaisukuma kule,
na kijana wa boti anapita na mifuko
kama mtu anayegawa kadi za harusi.

Bwana mmoja wa ofisini alinicheka.
Akavuka kwa Asaa, jirani yangu,
akala biriani saa kumi na mbili asubuhi.
Sisemi zaidi.
Safari ya pili aliagiza muhogo
bila kunitazama machoni.

Wanaotoka ni watu wengine kabisa.
Wanapanda kilima hiki na miguu inayumba,
ardhi imetulia, wao hawaiamini.
Nawajua kwa mikono: hushika meza
kabla ya kushika kijiko.
Hao ndio wenye supu. Supu ya pweza, pilipili mbichi,
mkate wa mofa ulioungua ukingoni,
wala sisemi nao mpaka bakuli la kwanza liishe.
Tumbo likirudi mahali pake
ndipo mtu hukumbuka jina lake,
na nani hakuja kumpokea.

Sasa, Faki.
Faki Shaame wa Chokocho
alikaa hapo ulipokaa, Mfunguo Tatu,
akala muhogo, akanywa vikombe viwili,
akajipapasa mpaka mfuko ukaona haya.
"Nikirudi, Bi Mize."
Nikaandika: Faki, elfu moja na mia tano.
Honi ikalia, akakimbia na kipande mkononi.

Miaka miwili.
Daftari limelowa chai, mende wamelila pembeni,
jina lake wakaliacha.
Kila boti ikifunga gati natazama miguu, si nyuso.
Uso hunenepa, uso hufuga ndevu,
lakini Faki hutupa mguu wa kushoto nje kidogo
kama anayempisha kuku.

Jana nikauona mguu.
Ukapanda kilima, ukafika usawa wa mlango wangu,
ukasita,
ukavuka barabara.
Kwa Asaa!
Asaa, ambaye supu yake
pweza aliipitia tu akiwa njiani.

Elfu moja na mia tano
inamzungusha mtu mzima barabarani,
tumbo tupu, mawimbi bado masikioni.
Nilitaka kuhamaki. Mkono ukanitangulia,
ukachota bakuli la chini, penye minofu.
Khatibu, vuka. Mwekee mbele yake.
Mwambie Bi Mize anasema
deni halijafutwa wala halifutwi,
aje alilipe mwenyewe, kwa mguu wake ule ule,
na bakuli arudishe.

Khatibu akarudi mikono mitupu.
"Kasemaje?"
"Hakusema. Alikuwa anakula."
"Alikula vipi?"
"Kainama."

Basi bakuli langu la buluu liko ng'ambo ya barabara,
ndiyo maana wewe leo
unakunywa supu kwa kikombe.
Unatoka, sivyo? Nimeona ulivyoishika meza.
Kunywa taratibu.
Na ukisikia mtu kasita mlangoni,
usigeuke.
Jisogeze tu, umwachie nafasi
upande wenye mguu mzima.